Wasomaji wapo, ila hutafutwa kabla ya kitabu

Mhariri,

Nimeisoma mara tatu barua ya yule kijana wa Kilifi uliyoitoa wiki mbili zilizopita. Amechapisha riwaya yake kwa pesa zake mwenyewe, nakala 500, akazipeleka maduka ya vitabu ya Malindi na Mombasa, na baada ya miezi minane amerudishiwa 430. Akamalizia kwa kusema Waswahili hawasomi. Naomba nafasi nimjibu, kwa kuwa maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa uchungu uleule, na nimekuja kujua kuwa si kweli.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kibokoni hapa Mombasa. Mwaka 2014 nilichapisha kijitabu cha mapishi ya kwetu, kurasa 64, nakala 300. Nilikwenda nazo harusini, nikazipeleka shuleni, nikamwachia muuza duka wa mtaani kwetu kumi akaziweka karibu na majani ya chai. Nikauza kama 80, karibu zote kwa jamaa na kwa walimu wenzangu walioona haya kukataa. Zilizobaki zilikaa uvunguni mwa kitanda mpaka unyevu wa pwani ukazigandisha kurasa. Kwa hiyo kijana, mwanangu, najua ilivyo kuinama na kuziona kila siku unapofagia.

Kilichonibadilisha si mpango niliokuwa nao. Mwaka 2017 mpwa wangu anayeishi Muscat alinipigia simu usiku: mahamri yake hayafuri. Nikamweleza kwamba tui likiwa la moto huua hamira, na kwamba chumba chenye kiyoyozi kinataka unga ulale muda mrefu zaidi kuliko huku kwetu. Kesho yake rafikiye naye akapiga. Wiki ya tatu nikawa nimechoka kurudia maneno yaleyale. Mwanangu wa mwisho akanifungulia blogu, nikaliandika jibu mara moja, na kila aliyeuliza nikawa namtumia kiungo. Kichwa nilikiandika kama mpwa wangu alivyouliza: "Mbona mahamri yangu hayafuri?"

Kichwa hicho kilinifundisha jambo. Makala niliyoiita "Utamu wa Pwani Yetu" haikusomwa na mtu. Ile ya mahamri ilisomwa, na ingali inasomwa, kwa sababu mtu aliye na unga uliolala chali jikoni huandika kwenye simu yake maneno yaleyale yaliyo mdomoni mwake. Hamtafuti mwandishi wala hajui jina langu. Anatafuta dawa ya mahamri yake, kisha akiipata ndipo anapotazama juu kuona ni nani aliyemsaidia. Huyo ndiye msomaji wa kwanza.

Miezi minne ya mwanzo wasomaji wangu walikuwa saba. Nataka kijana alijue hilo, asije akaanza Jumatatu na kukata tamaa Ijumaa. Niliandika kila Ijumaa jioni, pishi moja, na kosa moja ambalo watu hulifanya katika pishi hilo. Picha nilizipunguza ukubwa, maana mtu mwenye bando la Sh20 hawezi kusubiri picha kubwa ya sahani ifunguke. Na maswali yote niliyajibu kabla ya Jumapili usiku. Hapo kwenye maswali ndipo kitabu changu cha pili kilipozaliwa, na hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Niliandika mkate wa sinia kama nilivyofundishwa na mama: roweka mchele usiku kucha, usage na tui zito, tia hamira, sukari na iliki, uache ufure, kisha upike kwa makaa, machache chini na mengi juu ya mfuniko. Vikombe viwili vya mchele, nikasema. Dada mmoja wa Nakuru akaniandikia kwamba wake umetoka uji. Nikamwuliza hili na lile, mpaka akanipigia picha kikombe chake. Kilikuwa kikombe cha bati, kile kikubwa cha kunywea chai ya asubuhi. Changu ni kikombe kidogo cha kauri chenye kisahani. Nikachukua mchele nikaenda kwa muuza duka, nikamwomba mizani. Kikombe changu kikijaa mchele ni gramu 170. Kisha nikapima kwa kikombe cha bati kama chake: karibu gramu 300. Miaka yote hiyo nilikuwa nikifundisha watu kwa kipimo kilichomo kabatini mwangu peke yake, na kile kijitabu cha 2014 kilikuwa na kosa hilo katika kila ukurasa.

Nilinunua mizani ya jikoni, nikarudia mapishi yote, moja moja, kwa gramu. Ilinichukua miezi sita. Mwingine wa Doha akauliza tui la kopo, ambalo ni zito kuliko tui la kukamua, litiwe maji kiasi gani. Mwingine anaishi fleti Nairobi, hana makaa ya kuweka juu ya mfuniko, ana jiko la gesi. Maswali hayo matatu leo ni sura tatu za kitabu, na nyumbani kwangu nisingeyawaza hata kwa miaka kumi, kwa kuwa kikombe ninacho, nazi ninayo, na makaa ninayo.

Chini ya kila makala niliweka mstari mmoja: niachie baruapepe yako nikutumie jedwali la vipimo, ukurasa mmoja, bure. Kwa miaka mitatu walijiandikisha watu 612. Nilikuwa pia na ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii wenye wafuasi zaidi ya 2,000, na siku moja nikaamka nikakuta umefungwa, bila sababu niliyoielewa, na wale watu sikuwaona tena. Baruapepe ninazo mwenyewe, nimezinakili na kwenye daftari. Hilo namsihi kijana alitie maanani tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2021 ndipo niliposema natengeneza kitabu cha kielektroniki. Niliwauliza wale 612 mapishi gani yaingie, wakayachagua, hata jina nililolipenda mimi wakalikataa na nikawasikiliza. Nilitaka kukiweka kwenye duka moja kubwa la mtandaoni la ng'ambo. Nilipofika mahali pa kuchagua lugha ya kitabu, nikashuka na orodha mpaka chini, Kiswahili sikukiona. Niliumia sana usiku ule. Basi nikaamua kuuza mwenyewe: Sh300, unalipa kwa M-Pesa, nakala laini inakujia kwa baruapepe au WhatsApp. Walio Muscat na Doha walilipiwa na ndugu zao walioko huku. Wiki ya kwanza ziliondoka nakala 97. Zile 80 za karatasi zilinichukua mwaka mzima, na mwaka huo nilizunguka na jua.

Nakala ya kwanza ilikuwa PDF, na ilinipa lawama za haki. Kwenye simu herufi zilikuwa ndogo, ukizikuza sentensi inatoka nje ya kioo, na mpishi mwenye unga mikononi hawezi kuburura ukurasa huku na huku. Mpwa wangu akanitengenezea EPUB, ambayo maneno hujipanga upya kulingana na upana wa simu, nikawatumia wote waliokwisha kununua bila kuwatoza. Nadhani barua za shukrani nilizopata wiki ile ndizo zilizoniuzia nakala nyingi kuliko tangazo lolote.

Watu huniuliza iwapo sijimalizi, maana zaidi ya nusu ya mapishi ya kitabuni yalikwisha kutoka bure. Jibu langu ni kwamba wanunuzi wangu wengi ni walewale waliokwisha kuyasoma bure. Wanataka yakae pamoja, kwa mpangilio, kwa gramu, yasomeke jikoni bila bando. Na wapo wanaonunua kwa sababu niliwahi kuwajibu usiku wa manane mkate ukiwa motoni. Vilevile wapo wanaopitishiana nakala bila kulipa. Nimeandika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, na baada ya hapo sikutumia tena muda wangu kuwafukuza.

Kijana atasema hayo ni mapishi, yeye ana riwaya. Andy Weir wa Marekani alikuwa mtunga programu za kompyuta, akawa anaweka riwaya yake The Martian kwenye tovuti yake sura baada ya sura, bure. Wasomaji wake ndio waliomwomba aiweke Kindle, duka la vitabu vya kielektroniki la Amazon, ili waisome kwa urahisi, akaiuza kwa senti 99, bei ya chini kabisa aliyoruhusiwa. Wachapishaji walikuja baadaye, kitabu kikatoka madukani 2014, na 2015 kikawa filamu. Simwahidi kijana filamu. Namwonyesha tu nani alitangulia kufika: wasomaji, kisha kitabu, kisha wachapishaji.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Marekani. Mshairi Muyaka bin Haji aliishi mji huu huu wa Mombasa, akafariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu, yakisemwa na kujibiwa, mpaka mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, na kitabu hakikuchapwa mpaka 1940. Miaka mia! Kama watu wasingekuwa wakiyapenda na kuyahifadhi, Sikujua angekusanya nini? Hata ukumbi wa mashairi wa magazeti yetu ya Kiswahili umefanya kazi hiyohiyo: malenga anatoa swali, mwenzake wa mji mwingine anajibu wiki ya pili, na siku malenga huyo akitoa diwani yake watu tayari wanamjua kwa jina na kwa vina vyake.

Katika barua yake kijana alisema riwaya inahusu wavuvi wa Takaungu. Basi mali anayo. Aandike jinsi baba zake wanavyojua kwamba upepo wa kusi unaingia. Aandike dema, ule mtego wa samaki, linavyosukwa na linavyotegwa, na samaki gani huingia na yupi hukataa. Aandike majina ya samaki kama yanavyotajwa Takaungu, awaulize wa Lamu na wa Vanga wao huwaitaje, na watamjibu, maana hakuna mtu wa pwani anayenyamaza jina la samaki wake likitajwa vibaya. Miongoni mwa makala hizo aweke sura ya kwanza ya riwaya, baada ya wiki mbili ya pili. Akifika ya tano asimame, aseme iliyobaki ni Sh200. Zile nakala 430 asizitupe. Wasomaji wa nakala laini huja kutaka ya karatasi ya kumpa mzazi asiyetumia simu, na mimi ninaulizwa hivyo kila mwezi, nami sina ya kuwapa.

Pesa za kitabu hazijanijengea nyumba. Zimelipa ada ya muhula mmoja ya mjukuu wangu, zimerudisha gharama ya mizani, na kila mwezi zinaingia kidogo. Lakini nina watu. Ijumaa nikichelewa kuandika kwa sababu ya homa, ujumbe unaanza kuingia kabla ya Isha kuniuliza kama ni mzima.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba umfikishie kijana huyu neno moja kutoka kwangu. Akishaiweka sura ya kwanza hadharani, aniletee kiungo kupitia kwako. Nitaisoma yote. Ikinipendeza, Ijumaa inayofuata, chini ya pishi la samaki wa kupaka, nitawaandikia watu wangu kwamba huko Takaungu kuna kijana anayewajua samaki hao tangu wakiwa majini.

Mwalimu mstaafu,
Kibokoni, Mombasa