Tusimwache mbwa mzee afe kwa mateso

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wafugaji wenzangu jambo ambalo wengi hulikwepa. Mbwa wetu, aliyelinda boma letu hapa Moshi kwa miaka 13, alifika mahali akawa anajikokota kwa miguu ya mbele huku ya nyuma ikiburuzika, na bakuli la ugali na dagaa alilokuwa akilimaliza mara moja likabaki kujaa sisimizi. Jirani mmoja alishauri tumpe sumu, mwingine tukamtupe mbali. Nilikataa yote mawili, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hata isingekuwapo, deni letu kwake lilikuwa kubwa.

Daktari wa mifugo alituelekeza tuandike kwenye kalenda siku njema na siku mbaya, tukiangalia kama anakula, anasimama na bado anatikisa mkia akiitwa. Siku mbaya zilipozidi, daktari alikuja nyumbani, akamchoma sindano ya usingizi kisha ile ya mwisho, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti yangu. Nakiri kwamba tulichelewa wiki mbili, na zilimuumiza. Naziomba ofisi za mifugo za wilaya ziwatangazie wananchi huduma hii pamoja na gharama zake.

Mfugaji,
Moshi, Kilimanjaro