Trekta likizima shambani, usikimbilie kufungua pampu

Mvua za kwanza zikishuka Dodoma, mwishoni mwa Novemba au Desemba, simu ya karakana yetu haipumziki. Maneno ni yale yale: "Fundi, trekta linazima-zima. Nadhani pampu imekufa." Sisi hapa Kizota kazi yetu ni pampu za dizeli na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini, kwa hiyo utadhani tunafurahi kusikia hivyo. Lakini pampu nyingi tunazoletewa kwa kosa la kuzima-zima tukizipandisha kwenye mashine ya kupimia zinakuwa nzima. Mwenye trekta ameshalipa fundi wa kuifungua na nauli ya kuileta mjini, na siku mbili tatu za unyevu zimempita. Kwa mvua zetu hizi za kuhesabu, siku tatu ni nyingi.

Msimu uliopita alikuja mzee mmoja wa upande wa Kibaigwa, pampu ameifunga kwenye kiroba. Trekta lake, Massey Ferguson 265, lilikuwa linalima vizuri kama nusu saa, kisha nguvu zinapungua, linakohoa, linazima. Wakikaa kivulini kidogo wakinywa uji, likipigwa stata linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Nusu saa nyingine, kimya. Fundi wa kwanza alibadilisha filta, wa pili akasema pampu. Nikamuuliza, "Mzee, mfuniko wa tenki la dizeli upo?" Akacheka. "Ulipotea tangu mwaka juzi, kijana wangu. Nimefunga nailoni na mpira wa baiskeli, vumbi lisiingie."

Ugonjwa ulikuwa hapo. Dizeli ikipungua kwenye tenki, hewa lazima iingie kushika nafasi yake, na mfuniko halisi una kitundu cha kazi hiyo. Nailoni iliyokazwa haina. Dizeli inavutwa, hewa haiingii, tenki linaanza kung'ang'ania mafuta yake mpaka injini inakufa njaa. Mkipumzika, hewa inajipenyeza taratibu kwenye mikunjo, na trekta linawaka tena. Hata ukiwa na mfuniko wake wa asili, kitundu kile kikijaa vumbi lililoshikana na mafuta, hali ni ile ile. Kukipima hakuna gharama: trekta likizima, fungua mfuniko papo hapo huku umetega sikio. Ukisikia linavuta pumzi, fyuuu, umeshapata jibu.

Ndiyo maana kwenye simu tunakuuliza kwanza linazimaje. Likizima ghafla kama mtu aliyezima taa, hasa haya matrekta mapya yenye solenoidi ya kuzimia (kile kifaa cha umeme kinachokata dizeli), angalia waya na fyuzi kabla ya kugusa mafuta. Likififia polepole, mlio ukishuka na moshi ukipungua, hilo linakosa dizeli. Likitoa moshi mweusi mzito huku linazidiwa na plau, dizeli inafika ila haiungui vizuri. Chomoa filta ya hewa uione, maana kwa vumbi letu inajaa upesi. Na moshi mweupe kwa injini iliyokwisha kupata moto, huku inamisi, mara nyingi unatupeleka kwenye nozeli, au maji ndani ya dizeli.

Ukishajua kwamba linakosa dizeli, fuata njia yake kuanzia tenki. Legeza paipu inayotoka kwenye tenki, uone dizeli inavyomwagika. Ikitoka kwa nguvu kisha ikakonda, kuna takataka inaelea ndani na kuja kuziba mdomo. Tumeshatoa majani, uzi wa gunia, na safari moja kipande cha gunzi la mahindi ambalo bila shaka liliwahi kuwa mfuniko.

Halafu njoo kwenye pampu ndogo ya kuvutia, ile yenye kimkono cha kupampia pembeni ya injini. Fungua paipu inayotoka hapo kwenda kwenye filta, pampu kwa mkono, uone kama inarusha dizeli kwa nguvu kila unapobonyeza. Kimkono kikiwa kilegevu, hakishiki kitu, usiihukumu bado. Huenda kamu ya injini, kile chuma kinachoisukuma pampu hii, imesimama ikiwa imeusukuma mkono wa ndani. Zungusha injini kidogo, ujaribu tena. Na wakati uko hapo chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda kupita alama, nyepesi, inanuka dizeli, basi mpira wa ndani wa hiyo pampu umepasuka na dizeli inamwagikia kwenye injini. Usiwashe tena hilo trekta. Kuendelea kulima hivyo ni kuua bearing za kreki kwa kosa la mpira wa bei ndogo.

Hewa ndiyo inayotesa watu zaidi, kwa sababu haionekani. Kati ya tenki na pampu ya kuvutia dizeli inafyonzwa, kwa hiyo paipu yenye ufa hapo inaweza isidondoshe hata tone, ila inanyonya hewa. Dalili yake ni trekta linalotolewa hewa jioni likafanya kazi, asubuhi likagoma. Njia tunayoipenda ni ya dumu. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, lining'inize juu kuliko injini, shusha mpira hadi mahali dizeli inapoingilia pampu ya kuvutia, utoe hewa, kisha uwashe. Likinguruma saa nzima bila kuzima, kosa liko nyuma, kati ya tenki na hapo: ufa, klipu iliyolegea, washa ya shaba iliyokwisha. Ukitumia mpira unaopitisha mwanga utaona mapovu kwa macho yako. Likizima hata kwa dumu, songa mbele kwenye filta.

Kutoa hewa kuna mpangilio, na wengi wanauruka. Anza na skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Nenda kwenye skrubu za pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, vivyo hivyo. Mwisho ndiyo nati za nozeli, huku stata inazungusha.

Hapo kwenye nozeli tusimame kidogo. Tairi la nyuma la trekta lina baa moja au mbili za upepo. Nozeli za hizi injini za zamani zinafunguka kwenye baa 150 na zaidi. Dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo inapenya ngozi. Kidonda kinakuwa kama umechomwa na sindano, hakiumi sana, na ndani mkono unaoza. Usipapase paipu inayovuja kwa kidole, tumia kipande cha boksi. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwaambie wazi kwamba ni dizeli ya presha. Na kama trekta lako ni la mfumo mpya wa komoni reli, wenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, usilegeze nati yoyote injini ikiwaka. Humo presha ni baa elfu moja na kuendelea.

Kuhusu filta, tunaomba kitu kimoja: usiioshe kwa petroli ukairudisha, wala usiitoboe ili "dizeli ipite vizuri". Ndani ya pampu kubwa vyuma vimeachana kwa maikroni chache tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wako una maikroni kama 70. Chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuchora mstari. Vumbi letu nalo halina huruma na chuma. Waingereza waliokuja Kongwa mwaka 1947 kulima karanga udongo huu uliwalia majembe na matrekta, pamoja na mikosi mingine, mpaka mradi ukafungwa mwaka 1951.

Chini ya filta kuna kikombe. Kifungue, umwage kilichomo kwenye chupa nyeupe ya maji, uiache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Maji haya yanatoka wapi wakati kituo ulichonunulia ni kizuri? Mara nyingi ni pipa lako mwenyewe. Pipa lililosimama wima nje linakusanya maji ya mvua juu, jua likizama linapoa, linayanyonya kupitia nyuzi za kizibo. Lilaze, au liinamishe kizibo kisiloane. Tenki nalo lijaze jioni. Likilala nusu, unyevu wa hewa unageuka matone usiku.

Kuna pia dizeli iliyochakachuliwa. Pampu nyingi za matrekta haya zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili yake. Ikichanganywa na mafuta ya taa unakuwa umeinyima kilainishi, na dalili ya kwanza ni trekta kuwaka vizuri asubuhi na kukataa likiwa la moto. Hiyo sasa ni pampu kweli, na hapo tuna kazi.

Ukifikia hatua ya kutuletea, piga simu kwanza, mara nyingine tunamaliza kwenye simu na hatudai kitu. Ikibidi pampu ing'oke, tia alama kwa patasi kwenye flanji yake na kwenye injini kabla ya kulegeza boliti, ili tuirudishe kwenye taimingi ile ile, yaani wakati wake wa kurusha dizeli. Ziba matundu yote kwa plastiki safi, si kwa matambara, yanaacha nyuzi. Usiioshe kwa maji. Njoo na nozeli zote, si ile unayoishuku peke yake, na ile chupa yako ya dizeli uliyoiacha itulie usiku kucha.