Yah: Kudai Sh675,000 za vipindi vya kunyoosha mgongo

Kwa Meneja wa Kliniki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuja kwenu mwezi Februari nikiwa siwezi kuinama hata kuokota kipande cha chaki, kiuno kimekaza tangu msimu wa kushona sare za shule. Nililipa Sh1,080,000 kwa mkupuo, kifurushi cha vipindi 24, kila kimoja Sh45,000. Nimehudhuria tisa. Kumi na tano vilivyobaki sivitaki tena, naomba fedha zake.

Siku ya kwanza mtaalamu wenu aliweka eksirei yangu kwenye taa, akachora mistari miwili kwa kalamu nyekundu, akasema pingili tatu zimehama na zinabana mishipa ya fahamu. Niliogopa, ndiyo maana nililipa siku hiyohiyo. Baadaye niliipeleka picha ileile kwa daktari wa mifupa. Akafuta wino kwa kidole, akaitazama tena, akaniuliza ziko wapi hizo zilizohama.

Nikaanza kusoma. Hiyo mnayoiita sabluksesheni, yaani pingili kudaiwa kuhama, baraza linalosimamia kairopraktiki (hii tiba yenu ya kunyoosha pingili kwa mikono) kule Uingereza lilitamka mwaka 2010 kwamba hakuna utafiti wa kitabibu unaoruhusu kudai kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa. Hilo ni baraza la watu wa kazi yenu wenyewe, si wabaya wenu. Na ule mlio, "ko!", ambao kila ukitoka mtaalamu wenu husema "umesikia, imerudi"? Ni gesi kwenye ute wa kiungo. Vidole vyangu nikivivuta vinalia vilevile, na hakuna kilichokuwa kimehama.

Nafuu nilipata, sitawasingizia. Ila kiuno changu kimewahi kukaza hivi mara mbili huko nyuma na kikaachia chenyewe baada ya wiki chache, bila kulipa mtu. Tafiti zilizopimwa kwa pamoja na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, mwaka 2011 zilionyesha kuwa kwa maumivu sugu ya kiuno, kunyoosha pingili hakuna tofauti ya maana na tiba nyingine kama mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinitoza mara moja tu, akanionyesha mazoezi manne na kuniambia nitupe kigoda changu, nitafute kiti chenye egemeo. Kwa nini kwenu nihitaji vipindi 24, na idadi hiyo ipangwe kabla sijalala kitandani hata mara moja?

Kipindi cha tisa ndicho kilichonitoa kwenu. Nilikuja kwa ajili ya kiuno. Mtaalamu akanishika kichwa na kunizungusha shingo ghafla. Nilitoka nayumba, nikakaa kwenye ngazi zenu karibu nusu saa, dada wa mapokezi akaniletea maji (namshukuru). Hakuna aliyeniambia kabla kwamba kuzungusha shingo hivyo kumehusishwa, japo ni nadra, na kuchanika kwa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, hata kiharusi. Sikuulizwa kama naridhia.

Nikiwa nimekaa pale mapokezi nikasoma lile bango lenu la Daniel David Palmer, mwanzilishi wa kairopraktiki, aliyedai kumrudishia kusikia Harvey Lillard kwa kumbonyeza mgongo, Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895. Nadhani ndiyo sababu niliposema mjukuu wangu anaumwa sikio mlinihimiza nimlete. Mshipa wa kusikia unatoka sikioni kwenda kwenye ubongo ndani ya fuvu, mgongoni haupiti. Mtoto nilimpeleka zahanati.

Naomba Sh675,000 zirudishwe ndani ya siku 14 kwa namba ileile niliyolipia, pamoja na nakala ya faili langu. Mkikaa kimya nitapeleka barua hii na risiti kwa Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Fundi wa sare