Barua ya Malalamiko: Diski Mbili, Kasi Maradufu na Ulinzi Ambao Haupo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA YA MEZANI YENYE DISKI NGUMU MBILI

Nakuandikia baada ya wahudumu wenu wa simu kunijibu kwamba kompyuta niliyonunua kwenu haina hitilafu yoyote. Sijasema imeharibika. Ninacholalamikia ni kwamba mmeniuzia kitu kisicholingana na tangazo lenu, na tofauti hiyo inahatarisha kazi za watu walioniamini.

Tangazo lilisema diski mbili za terabaiti 2 zikifanya kazi pamoja zinatoa "kasi maradufu na ulinzi wa data". Kwa diski mbili tu, mnunuzi anachagua moja kati ya hayo. Jozi ikipangwa kwa reidi 0 (reidi, yaani RAID, ni mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), kila faili kubwa hukatwa vipande na kugawanywa kwenye diski zote mbili. Kasi hupanda, lakini diski moja ikifa, hata vipande vilivyobaki kwenye diski isiyokufa havina kazi tena. Ikipangwa kwa reidi 1, kila kitu huandikwa kwenye diski zote mbili. Ulinzi upo, ila nafasi hubaki terabaiti 2 na kasi ya kuandika haizidi ya diski moja. Kompyuta yangu ilikuja na nafasi ya terabaiti 4. Basi ni reidi 0, na jambo hilo hamkuliandika popote, si kwenye tangazo wala kwenye kijitabu cha maelekezo.

Hatari yenyewe imeongezeka. Tuchukulie kila diski ina uwezekano wa asilimia 5 wa kufa katika mwaka mmoja. Uwezekano wa kupoteza data kwenye jozi ya reidi 0 unakuwa asilimia 9.75, kwa sababu inatosha moja tu kufa. Mimi nahariri video za harusi. Siku ile hairudiwi ili irekodiwe upya. Mteja anayesoma neno "ulinzi" anaweza kuona hana haja ya nakala ya akiba, na hapo mtakuwa mmemponza.

Kuhusu kasi, niliilinganisha na kompyuta yangu ya zamani yenye diski moja ya mizunguko 7200 kwa dakika, sawa na zenu. Katika kusoma faili moja kubwa la video, jozi ilikaribia mara mbili. Hapo tangazo ni kweli. Lakini kufungua folda ya maelfu ya picha ndogo, au kuwasha programu ya kuhariri, sikuona tofauti ya maana. Fundi wenu yeyote anajua sababu. Sahani ya ndani ya diski, inayozunguka mara 7200 kwa dakika, inamaliza mzunguko kwa milisekunde 8.3, na kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu ya muda huo, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Faili dogo mara nyingi hukaa lote kwenye diski moja, na diski ya pili haipunguzi kusubiri huko. Mlipima kazi moja inayoipendelea jozi, mkaitangaza kana kwamba ndizo kazi zote.

Lililoniudhi zaidi ni kuandika. Nikihamisha video kutoka kwenye kadi za kamera, kasi huanza vizuri, kisha huporomoka hadi chini ya ile ya kompyuta ya zamani. Nilifungua kasha nikasoma lebo: diski si za modeli moja. Kwa maelezo ya mtengenezaji, moja ni ya kawaida na nyingine ni ya aina ya SMR, ambayo mistari yake ya data imepandana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mstari mmoja hulazimu mistari ya jirani iandikwe upya. Diski ya namna hiyo inafaa kuhifadhi vitu visivyoguswa mara kwa mara. Ndani ya reidi 0, diski yenye kasi lazima iisubiri ile ya polepole. Na jozi hii mmeifunga ninyi wenyewe. Hamwezi kusema hamkujua: mwaka 2020 watengenezaji wakubwa wa diski walitaja hadharani modeli zao za SMR baada ya wanunuzi kulalamika kwamba waliuziwa bila kuelezwa.

Naomba mbadilishe diski ya SMR kwa diski ya modeli sawa na mwenzake, au mchukue kompyuta yenu mnirudishie fedha zote. Kwa kuwa kubadilisha diski moja ya reidi 0 kunafuta kila kitu, fundi asije kabla ya kuniarifu, ili nihamishe kazi za wateja kwanza.

Naomba pia neno "ulinzi" liondolewe kwenye tangazo, mtaje reidi 0 waziwazi, na kipimo cha faili ndogo na cha kuandika kwa muda mrefu viwekwe kando ya kile cha faili kubwa. Walionunua toleo hili kabla yangu waandikiwe leo, kabla diski zao hazijaanza kufa.

Nimeambatisha risiti, picha za lebo zote mbili na matokeo ya vipimo. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mhariri wa video