Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wageni mbele ya Sanaa ya Waaborijini

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu, ambacho tangu mwanzo kazi yake imekuwa kuwakutanisha wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Australia, pamoja na jamaa wanaotutembelea kutoka nyumbani, na sanaa na mila za Waaborijini, wenye nchi hii. Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitajikita katika safari ya Uluru na ununuzi wa kazi za sanaa, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza mengi na ndiko tunakohitaji uamuzi wenu.

Uluru, mwamba mkubwa ulio katikati ya Australia, ilirudishwa mikononi mwa Waanangu, Waaborijini wenye eneo hilo, tarehe 26 Oktoba 1985, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa inayosimamiwa kwa pamoja. Tarehe hiyohiyo mwaka 2019, baada ya wenyewe kuwasihi wageni kwa miaka mingi wasiupande mwamba, njia ya kupandia ikafungwa. Baadhi yenu mliuliza kabla ya safari: asiyepanda ataona nini? Walioketi na mafundi wa Maruku, shirika la sanaa linalomilikiwa na Waanangu, walimwona mama mmoja akipasha waya motoni hadi ukaiva, kisha akauburuza juu ya mgongo wa mjusi aliyechongwa kwa mti, moshi ukifuka na nakshi nyeusi ikibaki nyuma yake. Maana ya mistari michache aliieleza. Mingine aliinyamazia, na mkalimani akatuarifu kwamba hiyo si ya kuelezwa wageni.

Ukimya ule una historia. Mwaka 1971, huko Papunya, makazi ya Waaborijini kaskazini-magharibi ya mji wa Alice Springs, wazee walioungwa mkono na mwalimu Geoffrey Bardon walianza kuchora simulizi zao kwenye vipande vya mbao. Baadhi ya picha za awali zilionyesha mambo ambayo wanawake na watoto hawakupaswa kuyaona, malalamiko yakatoka kwa Waaborijini wenzao, na wachoraji wakaziondoa alama za siri au wakazifunika. Kampuni ya Papunya Tula, iliyoanzishwa mwaka 1972, ni mali ya wachoraji wenyewe. Kwa hiyo picha ya nukta, iliyochorwa kwa vidoa vidogo vya rangi, anayoinunua mgeni leo ina sehemu waliyokubali kuitoa kwa ulimwengu na sehemu waliyobaki nayo, na sisi tuliotoka katika jamii za jando na unyago tunapaswa kuwa wa kwanza kuridhika na ile tuliyopewa.

Kuhusu ununuzi, ninasema kwa uchungu. Tume ya Uzalishaji ya Australia, chombo cha kuishauri serikali, ilikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya nusu ya fedha zinazotumika kununua vitu vya ukumbusho vyenye sura ya Kiaborijini huishia kwenye bidhaa zisizotengenezwa na Waaborijini. Jamaa zetu hurudi Dar es Salaam na Mombasa na bumerangi (vipande vya mti vilivyopinda vya kurusha) za aina hiyo, wakiamini wamebeba kazi ya fundi. Madhara yake hayaishii kwenye fedha: katika kesi ya mazulia iliyoamuliwa na Mahakama ya Shirikisho mwaka 1994, michoro ya wasanii, mingine ikiwa na uzito wa kidini, ilikuwa imefumwa bila idhini kwenye mazulia ya kukanyagwa.

Kamati inapendekeza maazimio mawili. Kwanza, zawadi zote zinazonunuliwa kwa fedha za chama zitoke katika vituo vya sanaa vinavyomilikiwa na jamii husika, zikiwa na cheti chenye jina la msanii na mahali anakotoka. Pili, kwa kuwa katika jamii nyingi za Waaborijini jina na sura ya marehemu havionyeshwi wakati wa msiba, albamu ya safari isisambazwe kabla wenyeji waliopigwa picha au familia zao hawajaridhia, na picha yoyote iondolewe mara wakiomba.

Kura zitapigwa mara baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti