Idi Mubarak, na mnitunzie manyoya ya shingo ya jogoo

Minal aidina walfaizina ndugu zangu wote wa Ntwara, Mikindani na Lindi, na nyie mliotawanyika Dar ambao huku mnaonekanaga msimu wa korosho tu hela zikishaingia. Idi Mubarak jamani. Mwezi umeandama, swaumu imeisha, aliyefunga Mungu amkubalie na aliyekuwa anajificha nyuma ya kibanda cha chipsi na kofia kichwani nae Mungu amsamehe, mi nilimuona lakini simtaji. Ndugu zetu wa Ndanda na Masasi mlio kwenye Kwaresma malizeni salama, Pasaka iko njiani na sisi tutakuja kula kwenu, leo njooni nyie, pilau ipo ya kutosha.

Salamu zangu mwaka huu zina ombi ndani yake na nalisema mapema kabla hamjatupa. Yeyote atakaechinja jogoo leo au kesho, naomba manyoya ya shingo. Ya bawa hapana, ya mkia pia hapana. Nataka yale membamba marefu yanayong'aa ya shingoni, na yale ya kiunoni yanayoning'inia kabla ya kufika mkiani. Jogoo mweupe ndo kipaumbele, mwekundu pia nachukua. Kuku wa kisasa msijisumbue, manyoya yake kama pamba ya mto, na mwenye kishingo sina la kumwambia, kuku wake Mungu kamuumba bila hilo vazi. Ila msimwagie maji ya moto kabla ya kunyonyoa sehemu hiyo, nyonyoa pakavu, weka kwenye karatasi au gazeti, usiweke kwenye nailoni yatanuka, mi nitapita na baiskeli kukusanya.

Sasa najua wengi mnasema huyu fundi simu swaumu imempanda kichwani. Ngoja nieleze.

Mwaka 1993 Idi ya Mfungo Mosi iliangukia Machi kama hii hii. Mi niko darasa la nne, kanzu mpya imenizidi urefu mpaka naikanyaga. Tulivuka kwenda Msangamkuu kwa mjomba kusalimia, na mnajua kwetu huku mjomba ni mjomba, baba anaweza kukusamehe lakini mjomba akisema umesema. Tumekuta jogoo mweupe kachinjwa, mjomba kakaa chini ya mwembe wala hana habari na nyama, anachambua manyoya ya shingo moja moja kama mtu anachagua mchele. Akaniita. Akanipa ndoana nishike kwa koleo, akachukua uzi wa cherehani mwekundu akaupaka nta ya mshumaa, akapanga manyoya manne, mawili huku mawili huku, yajikunje kuelekea nje, akazungusha uzi, akaweka kijikaratasi cha fedha cha ndani ya pakiti ya sigara, akazungusha tena, akafunga fundo kwa kucha. Dakika tano. Akaitia kwenye ndoo ya maji akaivuta, na ile kitu ikawa hai, mi nilirudi nyuma nikidhani kaweka dagaa mzima.

Hiyo ndo ya kurambaza. Kwa mliozaliwa mbali na bahari: unaachia mshipi mrefu nyuma ya ngalawa, hakuna chubwi la kuzamisha mshipi, hakuna chambo cha nyama, tanga linakupeleka na lile nyoya linakimbia nyuma huko juu juu ya maji kama samaki mdogo aliyepotea kundi. Nguru akiliona hajiulizi mara mbili. Kolekole hivyo hivyo, jodari pia, na mzia ndo usiseme, huyo ukikosa kuweka kipande cha waya anakata na kuondoka na mali yako. Mshipi unaushika na kidole, na kidole unakivisha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli maana nguru wa kilo nane akivuta ghafla utajua kwa nini wavuvi wazee wana makovu.

Basi mi nikakaa miaka yote najua haya ni mambo yetu ya huku. Mpaka mwaka juzi mpwa wangu, yule nesi aliyekwenda Scotland, yuko Dundee pale mdomoni mwa mto Tay, akanitumia video kwenye wasapu. "Mjomba angalia nimejifunza nini." Naangalia namuona kijana wetu wa Magomeni kasimama katikati ya mto, kavaa suruali ya mpira mpaka kifuani, ana fimbo ndefu nyembamba anaipunga mbele nyuma, mbele nyuma, mshipi unachora hewani kama mtu anaandika jina lake. Af akafungua kiboksi. Jamani. Vindoana vidogo kama punje ya mchele, vimefungwa uzi na nini? Manyoya ya shingo ya jogoo! Nikapiga simu hapo hapo, sikujali bando.

Akanieleza. Wenzetu wanaita uvuvi wa nzi, kwa sababu kile kidude kimetengenezwa kifanane na mdudu. Na kwa kuwa hakina uzito wowote, huwezi kukirusha kama tunavyorusha sisi ndoana yenye chubwi, kwa hiyo uzito wameuweka kwenye mshipi wenyewe, ni mnene kama kamba ya kiatu, ndo unaorushwa, kidude kinafuata tu kama abiria. Samaki anaetafutwa ni trauti, samaki wa maji baridi, ana madoa ubavuni. Huyo hata Afrika Mashariki yupo, Waingereza walimpandikiza kwenye mito ya milimani kule Kenya enzi za ukoloni.

Ila kilichonigusa ni huyo mdudu wanaemuiga. Anaishi chini ya maji kwenye mawe mwaka mzima, wengine hata miwili, akiwa kama kijidudu tu cha matope. Halafu majira ya baridi yakiisha, maji yakipata joto kidogo, anapanda juu, anatoa mbawa, anaruka, anataga, anakufa, na mara nyingi habari yote hiyo inaisha ndani ya siku moja. Na akishapata mbawa hali chochote, mdomo wake haufanyi kazi kabisa. Nikamwambia mpwa, yaani huyo kafunga mpaka kifo, hana hata futari. Trauti ndo anafuturu yeye.

Kwa hiyo kule kuvua trauti wa kahawia kunafunguliwa tarehe 15 Machi na kunafungwa tarehe 6 Oktoba, ni sheria, katikati hapo baridi ukionekana unamvua huyo ni kesi. Mpwa anasema Disemba jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, watu wanakaa ndani usiku wanafunga manyoya kwenye taa wanangoja Machi. Anasema ndo wakati mtamu kuliko hata kuvua kwenyewe. Na mto una mwenyewe! Hapo nilimrudisha nyuma mara tatu. Huwezi kuvua mpaka upate ruhusa ya mwenye kile kipande cha mto, na samaki wa salmoni Jumapili ni marufuku kumvua nchi nzima. Miezi ya kwanza anasema nzi wake wengi waliliwa na miti ya nyuma yake kuliko samaki, na mmoja aliingia kwenye sikio lake mwenyewe, nesi akaenda kutolewa ndoana kazini kwake mwenyewe, wenzake wakacheka wiki nzima.

Nikaenda Msangamkuu kumuonesha mjomba ile video. Mzee sasa macho hafifu, akaisogeza simu mpaka puani. Akaona mpwa anamvuta trauti, analowesha mkono, anamtoa ndoana taratibu, anamrudisha majini.

"Kamshika?"

"Kamshika mjomba."

"Kamwachia?"

"Kamwachia."

"Alikuwa kafunga?"

"Hapana mjomba, ndo utaratibu wao, wanavua kwa kufurahi tu, samaki wasiishe."

Mzee akanirudishia simu. "Basi huyo hajavua, kamsalimia."

Nimecheka lakini nikarudi nalo nyumbani hilo. Maana mjomba huyo huyo miaka ile ya kuvua kwa baruti alikuwa analaani mpaka sauti inakauka. Wakubwa wenzangu mnakumbuka, uko baharini umetulia unasikia mlio unagonga chini ya ngalawa kama mtu kapiga mlango, ukifika unakuta vibua vimelala tumbo juu na tumbawe limekuwa kifusi. Yeye kwa mshipi mmoja na nyoya moja alikuwa anarudi na samaki wawili watatu, watu wanamcheka, wenzake wanarudi na matenga. Sasa sijui nani alikuwa anacheka nini. Tuendelee, leo sikukuu.

Hapa ndo nataka mnielewe kwa nini Idi ya mwaka huu imenikaa vizuri. Idi inatembea, kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi, ndo maana ukiwa na umri wangu umeshafunga kwenye mvua, kwenye kipupwe, kwenye embe, kwenye korosho, na inachukua kama miaka 33 kuzunguka kurudi ilipokuwa. Upepo wenyewe hautembei. Kaskazi inakuja Novemba Disemba, inaanza kuchoka Machi, halafu kusi anaingia Aprili anashika kweli Mei, na kusi akishashika ngalawa ndogo ya kwangu inabaki kuzunguka ndani ya ghuba kama kuku wa kufungwa mguu. Katikati hapo kuna maleleji, wengine wanasema tangambili, upepo haujaamua, asubuhi bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria. Ni wiki tatu nne tu hizo. Wale wa Scotland wana miezi zaidi ya sita, sisi wavuvi wa kurambaza wa ngalawa tuna hizo wiki.

Mwaka jana Idi ilitukuta mwisho wa Machi. Nikasema ngoja nikasalimie Lindi kwanza, siku mbili zikawa tano, mnajua Lindi ukila samaki wa nazi wa shangazi yule wa Mitwero miguu inakuwa mizito, halafu nikarudi na wateja wamerundika simu zao zilizoingia maji siku ya Idi (kila mwaka watu mnaingia nazo baharini, kila mwaka!), nikafunga kazi, nikaja kuinua kichwa kusi huyo kaingia, mawimbi meupe nje ya mdomo wa ghuba. Manyoya yangu nane niliyofunga yakakaa kwenye kopo la Blue Band mwaka mzima, mende wakala matatu. Roho iliniuma.

Mwaka huu mwezi umetuzawadia siku 11. Kurambaza na swaumu mi siwezi, jua la baharini saa saba mchana na koo kavu ni mtihani, kwa hiyo Ramadhani yote ngalawa ilikuwa imelala chini ya mkorosho na mi nalala naisikia. Sasa swaumu imeisha na maleleji ndo kwanza yanafunguka. Mpwa nae hivyo hivyo, mto wake umefunguliwa tarehe 15 akiwa bado amefunga, akasema mjomba siendi, nangoja Idi twende siku moja, wewe baharini mi mtoni. Mpaka saa za kule na za huku zimekutana, maana Machi hii mchana wao na wetu unalingana, anafuturu kwa jua linalozama saa kumi na mbili kama letu. Ramadhani ikiangukia Juni kule, anasema, watu wanafunga zaidi ya saa 18.

Na Idi siku zote inakuja na bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka sana, hilo la wazi, mwezi mwandamo ndo bamvua. Na bamvua la Machi ndo baba lao. Leo mkitoka kuswali mkapita Shangani saa nne saa tano mtaona maji yametoka mpaka mnashangaa, mwamba wote uko nje, kina mama wameinamia matundu wanachokoa pweza na kanga mpya za sikukuu zimefungwa juu ya magoti. Shangazi yangu ana miaka karibu sabini, akitoka kwenye swala hapiti nyumbani. Anasema pweza wa Idi hana mwenyewe.

Mi sitoki leo, maji yanakimbia sana. Nasubiri Idi tatu alfajiri yakianza kupungua nguvu, navuka kumchukua mjomba. Ndio, mzee anakuja, kakataa kukatazwa, atakaa nyuma ashike usukani mi nishike mshipi. Na kasema jambo, samaki wa kwanza akiwa mdogo tumsalimie.

Kwa hiyo nimebakiwa na matano kwenye kopo na nahitaji kama kumi na mbili, mawili ya mpwa maana kaniagiza ya jogoo wa Ntwara akawaoneshe wa Dundee. Uzi ninao, nta ninayo, ndoana nimenunua juzi Feri. Mwenye jogoo mweupe anibipu kabla ya magharibi, mi nitapiga. Ntwara kuchele, Idi Mubarak.