Kabla ya safari ya Jumapili: petroli

Assalamu alaikum ndugu zangu,

Jumapili tunapandisha Mazeras, tukutane Changamwe saa kumi na mbili unusu asubuhi. Kabla hamjajaza mafuta, naomba mnisikize.

Okteni si nguvu. Ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka ovyo kabla ya wakati wake. Ikiwaka ovyo injini inagonga, na kugonga kwingi kunatoboa pistoni. Gari ya tabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) inagandamiza zaidi, na joto letu la Mombasa linaongeza hatari. Mlimani ukikanyaga mafuta ukiwa gia ya juu kwa mwendo mdogo, ndipo hasa inapogonga.

Wenye gari za Japani, fungueni kifuniko cha tangi msome kibandiko. Kule petroli ya kawaida huanzia okteni 89, ya juu 96. Kikisema ya juu, itieni ya juu. Sensa ya kugonga, yaani kifaa kinachohisi injini ikigonga, itachelewesha cheche kuilinda injini, lakini ina kikomo, na nguvu inapungua. Kitabu cha gari cha Marekani kinahesabu okteni vingine: 91 yao ni kama 95 au 96 ya Japani na Ulaya, msichanganye.

Gari ya kawaida isiyodai okteni ya juu, hiyo ghali haiiongezei kitu. Wekeni pesa kwenye oili.

Mliobadilisha programu ya kompyuta ya injini, nipigieni kabla ya Ijumaa tuzungumze moja moja. Hamjachelewa.